Jina Lako Linapotafutwa Mtandaoni: Mhariri, Google, Ofisi ya Taarifa Binafsi au Mahakama?

Siku hizi mwajiri wa Kampala anapopokea barua ya kuomba kazi huliandika jina la mwombaji kwenye Google kabla hajafungua bahasha ya vyeti. Mwenye nyumba wa Ntinda humfanyia mpangaji vivyo hivyo, na wazazi wa binti humfanyia mposaji. Wanachokikuta kwenye ukurasa wa kwanza wa matokeo ndicho wanachokichukua kuwa wasifu wa mtu huyo, ingawa hakuna aliyekaa akauandika kwa nia hiyo. Mtu aliyefikishwa zamani katika Mahakama ya Buganda Road kwa shtaka ambalo Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma aliliondoa baadaye anaweza kuwa na cheti halali cha tabia njema kutoka idara ya Interpol ya Polisi ya Uganda na bado asiitwe kwenye usaili, kwa kuwa siku ya kushtakiwa waandishi wa habari walikuwepo, na siku ya kuachiwa hawakuwepo.

Mtu wa namna hiyo ana njia kadhaa. Anaweza kumwandikia mhariri wa gazeti lililochapisha habari. Anaweza kuiomba Google iondoe kiungo kwenye matokeo. Anaweza kulalamika kwa Ofisi ya Kulinda Taarifa Binafsi. Anaweza kufungua kesi ya kuchafuliwa jina. Anaweza kuyaacha yaliyopo na kuchapisha mengine yatakayoyasukuma chini. Na wapo wanaofikia hatua ya kubadili jina lenyewe. Wengi huchagua wakiwa na hasira, na hasira humpeleka mtu kwa wakili kabla ya kwingine. Katika ulinganisho huu njia hizi zinapimwa kwa gharama, kwa muda na kwa kuangalia nani mwenye uamuzi, lakini kipimo changu kikuu ni kingine. Kila njia, ili ifanye kazi, inakutaka ulitaje jina lako upya mahali fulani, na tofauti kubwa iliyopo kati ya njia hizi ni kama jina hilo litabaki ndani ya barua pepe ya watu wawili au litachapishwa tena mbele ya kila mtu.

Kwanza, je, anayetajwa ni wewe?

Majina ya Uganda hayatafutiki kirahisi, na hilo humwumiza mtu mara nyingine na kumwokoa mara nyingine. Vyeti vya shule na orodha za serikali hutanguliza jina la ukoo au la nyumbani, magazeti hutanguliza jina la dini, hivyo Okello John na John Okello huleta matokeo yasiyolingana. Tahajia za Kiganda nazo huandikwa na kila karani kwa namna yake: Ssali na Sali, Ssemakula na Semakula, Kizza na Kiiza. Anayetaka kujua dunia inaona nini kumhusu hana budi kuyaandika majina yake kwa mipangilio yote na tahajia zote, katika dirisha la faragha la kivinjari ili historia yake mwenyewe isibadilishe matokeo, kisha ayarudie pamoja na jina la mji, la mwajiri wa zamani na la shule. Namba ya simu itafutwe peke yake, kwa sababu mara nyingi ndiyo inayovujisha mengi kuliko jina, hasa kwa mtu aliyewahi kutangaza kiwanja au gari.

Kisha lipo suala la majina yanayotolewa na mazingira ya kuzaliwa. Mapacha wa Kiganda ni Wasswa na Kato wakiwa wavulana, Babirye na Nakato wakiwa wasichana. Kwa Waacholi na Walango ni Opio na Ocen, na anayewafuata mapacha ni Okello au Akello. Nchi yenye desturi hii lazima iwe na maelfu ya watu wenye majina yaleyale mawili, na mmoja wao akiiba, wote huonekana wameiba. Ukigundua kwamba habari inayokusumbua inamhusu mwenzako wa jina, karibu njia zote zinazofuata hapa hazikufai. Mhariri hakukosea, Google haijakutaja wewe, na sheria inayokuruhusu kudai masahihisho inahusu taarifa zako wala si za mtu mwingine. Kinachokufaa ni kimoja, kujitofautisha: jina la tatu, taaluma na mji vikiandikwa kwa namna ileile kila mahali unapojitokeza hadharani, na sentensi moja ndani ya barua ya kuomba kazi inayosema kwamba anayetajwa katika habari ile si wewe. Wengine huona sentensi hiyo ni kujitia doa. Kwa maoni yangu, mwajiri aliyekwisha kuiona habari huipokea kwa shukrani, na asiyeiona hatapoteza muda kuitafuta.

Kabla ya kugusa lolote, hifadhi ushahidi: picha ya skrini inayoonyesha tarehe, anwani kamili ya ukurasa, na maneno uliyoyatafuta. Ukurasa ukifutwa kesho, hutakuwa na cha kumwonyesha mtu yeyote.

Mhariri au Google

Huu ndio uchaguzi halisi kwa walio wengi, na ndio unaoeleweka vibaya zaidi. Google haimiliki ukurasa unaokuumiza. Inauonyesha tu. Ikikubali kuuondoa kwenye matokeo yake, ukurasa unabaki palepale, unasomeka kwa mwenye kiungo, na unaendelea kuonekana kwenye injini nyingine za utafutaji kama Bing, na pia kwenye DuckDuckGo, ambayo matokeo yake mengi hutoka Bing. Mhariri akibadilisha ukurasa wenyewe, injini zote hufuata baada ya kuupitia upya. Kwa hiyo anayeanzia Google anatibu sehemu moja, na anayeanzia kwa mhariri anatibu chanzo. Lakini mhariri ni binadamu mwenye haki zake. Ibara ya 29 ya Katiba ya mwaka 1995 inalinda uhuru wa vyombo vya habari kama Ibara ya 27 inavyolinda faragha yako, na gazeti lililoripoti kwa usahihi kwamba ulishtakiwa halikusema uongo, hata kama baadaye uliachiwa.

Ndiyo maana barua kwa mhariri hushinda au kushindwa kulingana na unachokiomba. Ombi la kufuta habari yote ndilo linalokataliwa upesi, na nadhani mara nyingi linastahili kukataliwa, kwa sababu kumbukumbu za gazeti ni sehemu ya historia ya nchi. Yapo maombi matatu madogo zaidi. La kwanza ni kuongezewa maelezo juu ya habari, yakisema shtaka liliondolewa tarehe fulani, na hapa uambatishe nakala ya uamuzi iliyothibitishwa na mahakama, kwani mhariri hatachapisha kwa neno lako tu. La pili ni jina kuondolewa au kufupishwa kuwa herufi za mwanzo. La tatu, ambalo watu wachache hulijua, ni fundi wa tovuti kuuwekea ukurasa alama inayoziambia injini za utafutaji zisiuorodheshe; habari inabaki kamili katika hifadhi ya gazeti, msomaji anayepekua hifadhi hiyo ataikuta, ila haitajitokeza mtu anapoandika jina lako. Kwa mhariri hii ni hasara ndogo, kwa sababu hakuna neno lililobadilishwa. Kwako ni karibu yote uliyoyataka.

Hoja hii ina uzito hata nje ya Uganda. Julai 2023, Baraza Kuu la Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu lilikubaliana na mahakama za Ubelgiji zilizoliamuru gazeti la Le Soir kuficha jina la dereva katika nakala ya mtandaoni ya habari ya ajali ya mwaka 1994, ilhali nakala ya karatasi ilibaki kama ilivyokuwa. Uamuzi huo haumfungi mhariri wa Kampala. Hata hivyo, unaweza kuutaja katika barua kwa adabu, kama mfano wa suluhisho ambalo halikuiua habari.

Google kwa upande wake haina huruma wala chuki, ina fomu. Inapokea bure maombi ya kuondoa kurasa zinazoonyesha anwani ya nyumbani, namba ya simu, barua pepe, namba ya kitambulisho, namba ya akaunti ya benki, picha ya sahihi na kumbukumbu za matibabu, na tangu Aprili 2022 orodha hiyo ni pana kuliko ilivyokuwa zamani. Picha za mtoto aliye chini ya miaka 18 zinaweza kuombewa kuondolewa na mtoto mwenyewe au mzazi. Lakini habari ya gazeti, hukumu ya mahakama au maoni makali ya mteja havimo katika orodha hiyo kwa sababu tu vinaumiza. Hata ombi likikubaliwa, mara nyingine kiungo hufichwa kwa utafutaji wenye jina lako pekee. Anayetafuta kwa jina la kampuni au la tukio bado atakifikia.

Hapa ndipo wasomaji wetu huchanganyikiwa na habari za Ulaya. Mwaka 1998 gazeti la Hispania, La Vanguardia, lilichapisha matangazo mafupi ya mnada wa nyumba uliohusu deni la mtu mmoja. Miaka mingi baadaye, deni likiwa limekwisha, tangazo likawa linatokea kila jina lake lilipotafutwa. Tarehe 13 Mei 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba Google ilikuwa na wajibu wake wenyewe wa kuondoa viungo kama hivyo, hata gazeti likiachwa lilivyo. Kwa anayefungua magazeti ya Kampala na kuziona kurasa za matangazo ya minada ya nyumba zilizowekwa rehani, kisa hiki si cha mbali hata kidogo. Hata hivyo, haki hiyo ni ya sheria ya Ulaya, na Septemba 2019 mahakama hiyohiyo ilisema kwamba sheria hiyo haiilazimishi Google kuondoa viungo duniani kote. Kwa vitendo, Mganda anayeishi Stockholm anaweza kushinda ombi lake, viungo vikafichwa kwa watafutaji wa Uswidi, na shangazi yake wa Jinja akaendelea kuviona. Jambo la ajabu ni kwamba yule Mhispania aliyetaka deni lake lisahauliwe sasa anajulikana na kila mwanafunzi wa sheria ya mtandao. Sitamtaja hapa, lakini hilo halitamsaidia.

Kwa kawaida, basi, anza na mhariri, umalizie na Google. Gazeti likisharekebisha ukurasa, matokeo ya Google yanaweza kuendelea kuonyesha maneno ya zamani kwa muda. Kuna zana ya Google ya kuomba maudhui yaliyopitwa na wakati yasomwe upya, nayo haihitaji uwe mmiliki wa tovuti. Bing ina yake. Mpangilio huu hugeuka katika hali mbili tu: pale taarifa inapokuwa ya hatari ya haraka, kama anwani ya nyumba yako pamoja na vitisho, na pale tovuti inapokuwa haina mhariri anayejulikana, kama vile blogu zinazobandika umbea wa Kampala bila jina la mtu wala anwani. Kumwandikia mmiliki asiyejulikana ni kumwonyesha kwamba ameumiza, na wapo ambao biashara yao ni kusubiri barua hiyo ili wataje bei.

Ofisi ya Kulinda Taarifa Binafsi au mahakama

Sheria ya Kulinda Taarifa na Faragha ilipitishwa Uganda mwaka 2019, kanuni zake zikafuata mwaka 2021, na mwaka huohuo wa 2021 Ofisi ya Kulinda Taarifa Binafsi ikaanza kazi chini ya Mamlaka ya Taifa ya Teknolojia ya Habari, NITA-U. Katika toleo jipya la sheria za nchi, Sheria hiyo imewekwa kuwa Sura ya 97, na namba za vifungu zimehama, kwa hiyo atakayenakili barua ya zamani azihakiki kabla ya kutuma. Inakupa haki ya kumtaka anayeshika taarifa zako azisahihishe au azifute zikiwa si sahihi, zimepitwa na wakati, zinapotosha, zimezidi mahitaji au zilipatikana kinyume cha sheria. Inakupa pia haki ya kumwandikia asitishe matumizi yanayokudhuru, naye anatakiwa kukujibu kwa maandishi ndani ya siku 14. Taarifa za imani ya dini, siasa, maisha ya kimapenzi, afya na fedha zina ulinzi wa ziada.

Nguvu ya njia hii haiko kwenye magazeti. Iko kwa mwajiri aliyebandika orodha ya wafanyakazi na namba zao, kwa shule iliyoweka matokeo na picha za wanafunzi kwenye tovuti yake, kwa kliniki iliyoanika majina ya wagonjwa, na hasa kwa wakopeshaji wa programu za simu ambao mteja akichelewa kulipa huwatumia ujumbe watu wote waliomo kwenye simu yake. Dhidi ya watu hao, barua inayotaja sheria na kutoa siku 14, ikifuatwa na malalamiko kwa Ofisi, ni silaha ambayo hukuwa nayo kabla ya mwaka 2019. Anayefichua taarifa kinyume cha sheria anaweza kutozwa faini au kufungwa hadi miaka 10, na kampuni inaweza kutozwa hadi asilimia 2 ya mapato ghafi ya mwaka. Sheria inawafikia hata walio nje ya nchi wanaoshika taarifa za raia wa Uganda. Julai 2025, baada ya malalamiko ya Waganda wanne, Ofisi iliamua kwamba Google ilipaswa kujisajili nchini kama mdhibiti wa taarifa na ikaipa siku 30. Uamuzi huo ni wa usajili, haujampa Mganda haki ya Mhispania, lakini umetia alama mahali ambapo hoja kama hiyo inaweza kuanzia.

Upungufu wa njia hii ya Ofisi ni fidia. Aliyepata hasara au mateso ya moyo hana budi kuiomba mahakama, kwani fidia haitoki Ofisini. Kwa upande wa kipimo changu, njia hii inafanya vizuri: malalamiko hupita kati yako, Ofisi na unayemlalamikia, na jina lako haliwi kichwa cha habari usipotaka wewe.

Mahakama ni kinyume chake. Inaweza kutoa yote ambayo wengine hawawezi, yaani zuio, fidia na tamko rasmi kwamba ulichosemewa ni uongo. Mfano unaotajwa sana ni wa gazeti dogo la Kampala ambalo Oktoba 2010 lilichapisha majina, picha na makazi ya watu liliodai ni wapenzi wa jinsia moja. Mahakama Kuu iliamua kwamba gazeti lilikiuka utu na faragha ya walalamikaji, ikalizuia kuendelea, na ikaamuru kila mmoja wa watatu alipwe shilingi 1,500,000. Hawakuhitaji kuthibitisha kwamba habari ni ya uongo. Ilitosha kwamba nyumba ya mtu si mali ya kuanikwa. Ni uamuzi muhimu kuliko kiasi cha fedha kinavyoonyesha. Lakini kesi yenyewe mpaka leo inaitwa kwa jina la mlalamikaji wa kwanza, na hukumu za Uganda husomwa bure mtandaoni kupitia ULII, hifadhi ya sheria na hukumu za nchi. Anayeshtaki ili jina lake lisitafutike anaongeza ukurasa mpya wa kudumu wenye jina hilo juu kabisa, na ndani yake maneno ya kashfa yamenukuliwa neno kwa neno, kwa kuwa hakimu hawezi kuyahukumu bila kuyanukuu. Wakili anaweza kuomba herufi za mwanzo zitumike, kama inavyofanyika katika kesi za watoto, lakini hilo ni ombi, na halikubaliwi kila mara.

Zaidi ya hayo, kesi ya kuchafuliwa jina ina utetezi wa ukweli. Ukishtaki juu ya jambo ambalo lina ukweli nusu, mdaiwa atautafuta ule ukweli kwa bidii ambayo mwandishi wa awali hakuwa nayo, na atauleta mahakamani mbele ya waandishi wengine. Kwa hiyo mahakama inafaa pale uongo ni mzito na unathibitika, hasara inahesabika kwa shilingi, na aliyeandika ana jina na mali. Mambo hayo yasipotimia yote, mimi nisingeipendekeza.

Kuhusu njia ya polisi nitasema kidogo. Kifungu cha mawasiliano ya kuudhi katika Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 kilibatilishwa na Mahakama ya Katiba Januari 2023, na marekebisho yaliyopitishwa mwaka 2022 yalipingwa mahakamani mara tu yalipotoka. Sheria hizo zimejulikana zaidi kwa kuwakamata wakosoaji wa wakubwa kuliko kwa kumrudishia mtu wa kawaida jina lake, na anayezitumia anaweza kujikuta katika habari mpya yenye kichwa kibaya kuliko cha kwanza.

Kujaza ukurasa, kubadili jina, na wauzaji wa usafi

Kusukuma habari chini kwa kuchapisha mengine kuna sifa moja ambayo njia nyingine hazina: hakuna wa kuombwa ruhusa. Wasifu kamili kwenye LinkedIn, ukurasa wako mwenyewe wenye jina lako katika anwani, makala ya taaluma yenye jina kamili na mji, vyote huweza kupanda kwenye ukurasa wa kwanza, hasa kwa jina lisilo la kawaida. Lakini hii ndiyo njia inayokutaka ujitangaze ili ufichike. Asiyetaka kujulikana kabisa, kwa mfano mwanamke anayemkimbia mume mkatili, haimfai hata kidogo. Pia huchukua miezi, na habari ya kashfa inayobonyezwa sana hushuka kwa shida. Anayenunua anwani ya tovuti amwulize kwanza muuzaji kama jina, simu na makazi yake vitaonekana kwenye rejista ya umma. Nimeona watu wakifungua tovuti ya kulinda jina na kuianika namba ya simu ya nyumbani kwa hatua hiyohiyo.

Kubadili jina huonekana kama suluhisho kamili mpaka utakapoziangalia taratibu zake. Sheria ya Usajili wa Watu ya mwaka 2015 inataka nia ya kubadili jina itangazwe katika Gazeti la Serikali, kwa hiyo jina la zamani na jipya hukutana katika hati moja ya umma. Vyeti vya shule, hati ya ardhi na akaunti ya benki navyo hudai maelezo kila mara. Kwa mtu aliyeolewa au aliyesilimu, ambaye mabadiliko yake yana sababu nyingine, unafuu unaweza kuja wenyewe. Kwa anayelikimbia tokeo la Google, ni gharama kubwa kwa mlango ulio nusu wazi.

Wapo pia wanaoahidi kukusafishia jina kwa malipo. Baadhi hufanya kazi halali ya kuandika wasifu. Wengine hutumia madai ya uongo ya hakimiliki ili makala ziondolewe. Mwaka 2023 waandishi wa mtandao wa Forbidden Stories walizifichua mbinu za kampuni ya Hispania, Eliminalia, iliyofanya hivyo kwa wateja wa nchi nyingi, na orodha ya wateja hao ikawa habari. Uliza atafanya nini hasa, kwa barua ipi, kwa jina la nani. Akikataa kusema, usilipe.

Picha za faragha

Hili halina muda wa kulinganisha mengi. Picha za utupu zikivujishwa bila ridhaa, fomu ya Google ya picha za namna hiyo na huduma ya bure ya StopNCII huenda pamoja, siku hiyohiyo. StopNCII hutengeneza alama ya kidijitali ya picha ndani ya simu yako, picha yenyewe haitumwi, na mitandao inayoshirikiana nayo huitumia alama hiyo kuzuia nakala. Wengi Uganda huogopa kulalamika kwa sababu miaka ya nyuma waliovujishiwa walitishiwa wao kushtakiwa chini ya Sheria ya Kupambana na Ponografia ya mwaka 2014. Vifungu vyake vikuu vilibatilishwa na Mahakama ya Katiba Agosti 2021. Usimlipe anayekutisha, na usifute mazungumzo yake.

Nani achague nini

Aliyeachiwa na mahakama baada ya kuripotiwa amwandikie mhariri akiwa na nakala ya uamuzi, aombe maelezo ya nyongeza au alama ya kutoorodheshwa, kisha atumie zana ya Google. Mdaiwa aliyetangaziwa na programu ya mikopo aandike barua ya siku 14 na kwenda kwa Ofisi ya Kulinda Taarifa Binafsi. Akitaka kujua kama mkopeshaji ana leseni, aulize UMRA, mamlaka inayosimamia mikopo midogo. Mfanyabiashara aliyeitwa mwizi na mshindani anayejulikana, na mwenye hesabu za wateja aliowapoteza, huyo ndiye wa mahakama, na hata yeye aanze na barua ya wakili inayotaka masahihisho. Mwenye jina la mapacha aliyechanganywa na mwenzake ajitofautishe. Aliye na akaunti ya zamani ya Facebook, aliyoiacha tangu mtandao huo ulipofungwa nchini Januari 2021, akumbuke kwamba walio nje ya nchi wamekuwa wakiiona muda wote. Kuifunga ni kazi ya jioni moja, na haihitaji kumwomba mtu.

Programu za akili bandia zinazojibu maswali zinaleta ugumu mpya kwa wote hawa, kwani kiungo kilichoondolewa Google si lazima kiwe kimeondoka katika kile programu ilichojifunza. Machi 2025 noyb, shirika la Austria linalotetea faragha, lililalamika kwa niaba ya Mnorwei ambaye programu kama hiyo ilimzulia mauaji ya watoto wake, ikiyachanganya na mambo ya kweli ya maisha yake. Kwa hili, barua ya masahihisho kwa kampuni yenyewe ndiyo njia iliyopo, na ukurasa wa gazeti uliorekebishwa kwenye chanzo ni kiambatisho chake bora.

Anayegombea kiti cha umma, kuanzia baraza la kijiji hadi Bunge, ana chaguo dogo zaidi kuliko wote. Mhariri atakataa, naye ana haki ya kukataa; Google haitamsikiliza, na barua ya kuomba kufutwa ikivuja wakati wa kampeni, yenyewe itakuwa habari ya ukurasa wa mbele. Kinachomfaa ni kuchapisha jibu lake mwenyewe, lenye tarehe na hati, mahali ambapo jina lake litakapotafutwa jibu hilo litatokea karibu na tuhuma, na kulifanya mapema kabla ya siku ya uteuzi.